Wimbo wa jazi uliorekodiwa chumbani: uzuri wake uko wapi?

SWALI: Fundi, nakutumia nyimbo mbili. Wa kwanza ameuimba rafiki yangu chumbani kwake: sauti, piano na besi tu, maiki moja ya kawaida. Wa pili ni wangu, kwa vifaa bora zaidi. Wake umetulia, wangu unachosha baada ya dakika moja. Nisikilize nini ili nijue tofauti?

JIBU: Ndugu, nimezisikiliza zote mbili kwa hedifoni, na ningependa uanzie pale ambapo rafiki yako haimbi. Kabla ya ubeti wa pili anavuta pumzi ndefu, na ameiacha isikike. Pumzi hiyo inamwandaa msikilizaji kwa mstari mrefu unaokuja. Wewe umezifuta zote, kwa hiyo kila neno la kwanza linachomoza ghafla.

Kisha gonga mguu kufuata besi yake. Maneno yake hayaangukii kwenye pigo. Yanachelewa kidogo, halafu mwisho wa mstari anaharakisha na kuikuta besi. Billie Holiday, mwimbaji wa jazi wa Marekani, alisifika kwa ucheleweshaji wa namna hii. Ukiziburuta silabi kwenye programu hadi zikae sawasawa na mistari ya mapigo, kama ulivyofanya, umeua bembea ya jazi (swing) kwa mkono wako mwenyewe.

La maiki ndilo kubwa zaidi. Maiki inayosikia upande wa mbele huongeza besi kadiri mdomo unavyoikaribia. Rafiki yako anaisogelea kwenye noti za chini, sauti inapata joto, na akipanda juu anarudi nyuma. Anajipimia sauti mwenyewe, na kompresa, yaani kifaa kinachopunguza sauti inapozidi kiwango, inabaki na kazi ndogo. Kwako kompresa imebana hadi mnong'ono na kilele vinalingana. Sikio likikosa kupanda na kushuka huchoka haraka. Kwa sauti ya jazi mimi huanza na uwiano wa 2:1 (kila desibeli 2 zinazozidi kiwango, inatoka 1 tu), kompresa ikipunguza desibeli 2 au 3 kwenye vilele tu. Yaliyobaki narekebisha neno kwa neno kwa mkono. Ni kazi ya kuchosha, lakini hakuna kitufe cha kuikwepa.

Sikiliza pia mkono wa kushoto wa mpiga piano wake: karibu haupo. Uzi mzito wa besi kubwa ya nyuzi nne una takriban hezi 41, yaani hutetema mara 41 kwa sekunde, na sauti za juu zinazoambatana nao hupanda hadi kati ya hezi 200 na 400, mahali penye uzito wa sauti ya kifua ya mwimbaji. Piano yako imejaa hapo hapo, ndiyo maana sauti yako inasikika kama imefunikwa blanketi. Usikimbilie kuyakata masafa hayo kwenye programu. Mwombe mpiga piano apunguze noti.

Na chumba kisikutie unyonge. Rudy Van Gelder, fundi sauti, alirekodi wanajazi wakubwa wa Marekani sebuleni kwa wazazi wake, Hackensack, New Jersey, hadi alipohamia studio yake mpya mwaka 1959.

Kabla hujarekodi upya, fungua nakala ya wimbo wako, zima kompresa, rudisha pumzi na uache silabi zilipoangukia siku ile. Nitumie nakala hiyo, hata kama unaiona mbichi.