Mkuu, usiuzungushie panga huo mwembe

Weka hilo panga chini kwanza. Umeandika kwamba dodo lako linachanua halafu maua yanapukutika, fundi kakwambia uchune gome upana wa kiganja kuzunguka shina "ili nguvu ibaki juu", na unauliza ufuatishe mbolea gani na umwagilie mara ngapi. Hutahitaji mbolea, mkuu. Utahitaji mnunuzi wa mkaa.

Mimi niko Mkuranga, na ushauri huohuo niliulipia hela. Jamaa alikuja na buti na kofia pana, anataja "homoni" kila akifungua mdomo, nikajua leo nimepata msomi. Akabandua gome mzunguko mzima, akakwangua ule utelezi wa ndani mpaka shina likabaki jeupe, akachukua chake, akadandia bodaboda. Mpaka leo simu yake haipatikani, tapeli mkubwa yule.

Kinachoniuma ni kwamba mwanzoni alionekana yuko sahihi! Msimu uliofuata mti ulizaa mpaka tukaegemeza matawi kwa magongo. Nikamsifia kijiji kizima, nikagawa na namba yake. Kuna majirani hatusalimiani hadi sasa.

Iko hivi. Maji na madini ya ardhini hupanda kupitia sehemu ngumu ya shina, zailemu, yakivutwa na majani yanavyopoteza mvuke juani. Panga halikufika huko, kwa hiyo majani yakabaki mabichi na mimi nikalala usingizi mnono. Sukari ina njia yake nyingine: inatengenezwa kwenye majani na kuteremka kwenye floemu, ile ngozi laini ya ndani ya gome. Yaani ndiyo ile iliyobaki chini ya mti, mbuzi wakaitafuna. Sukari ikifika kwenye kidonda inakwama, matunda yanashiba, na juu ya mkato shina linavimba na kutoa mdomo huku chini likibaki jembamba. Mtaliano Marcello Malpighi aliuona uvimbe huo tangu karne ya 17, kwa hiyo fundi wangu hakugundua chochote.

Mizizi sasa. Haina jani hata moja, inaishi kwa sukari inayoshushiwa. Ilikula akiba yake, akiba ikaisha, ikaanza kufa kimyakimya huko chini, na mzizi uliokufa haunyonyi maji. Majani yakaja kunyauka kiangazi, nami nikawa nabeba ndoo asubuhi na jioni, namwagilia maiti. Kuni za mwembe ule mke wangu anaziita "za kitaalamu". Chekeni tu, nimezoea.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: mkato wa gome kwenye shina USIKUTANE. Hata wachuna dawa wanalijua. Prunus africana, mti ambao gome lake huuzwa nje kwa dawa ya tezi dume, ukichunwa kipande upande huu na kipande upande wa pili unaweza kupona. Ukizungushiwa, mara nyingi umekwisha.

Najua atatokea mjuaji aseme mbona wakulima wa zabibu wanakata pete. Wanakata ukanda wa milimita chache unaoziba wenyewe, si kiganja kizima cha shina mama!

Maua yako yaangalie kwa karibu. Yakiwa na unga mweupe, huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, tafuta dawa ya salfa.

Na kama ulishaanza kuchuna, basi acha kusoma comment za watu. Kata vikonyo (vijiti vya kuunganishia) vya mwembe huohuo, virefu kuliko kidonda, chomeka ncha ya chini ndani ya gome la chini na ya juu ndani ya gome la juu, usivigeuze, funga kwa nailoni kama unavyobebesha (kuunganisha) miche, uvipange kuzunguka shina lote. Vikishika, sukari itapita humo. Weka picha ya shina hapa leo, usisubiri wikiendi.