Mbunifu wa UX Mnayemtafuta Huenda Anapokea Simu za Wateja

Wenye kampuni za teknolojia hapa Dar es Salaam huniomba mara kwa mara niwatafutie mbunifu mzuri wa UX, yaani mtu wa kupanga mteja aingieje kwenye huduma, aone nini kwanza na asikwame wapi. Wanasema wametangaza nafasi mpaka wamechoka. Wanaojitokeza ama hawaiwezi kazi, ama tayari wameshachukuliwa na kampuni za nje zinazolipa kwa dola.

Uhaba upo, sibishi. Lakini nikisoma tangazo lenyewe naona sehemu ya tatizo. Linataka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitano, anayejua kuchora, kuandika programu, kuhariri video na kutengeneza mabango ya Instagram. Hizo ni kazi za watu wanne. Na huyo mmoja akipatikana, wiki nzima ya kuelekea Idi atakuwa anatengeneza bango la salamu za sikukuu, wala hataonana na mteja hata mmoja. Akae hivyo miaka miwili, atabaki mchoraji mzuri wa mabango.

Ushauri wangu, baada ya kulea vijana kadhaa katika kazi hii, ni kwamba muache kumsubiri aliyekwisha kuiva. Mchukueni mtu anayemjua mteja, mumfundishe zana. Figma, programu ya kuchorea skrini za huduma, inafundishika, na mafunzo yake yamejaa YouTube. Kumsikiliza mteja mwenye hasira mpaka ukajua hasa kilichomkwamisha ndiyo kazi ngumu, na mnao watu wanaoifanya kutwa nzima: wale wa huduma kwa wateja.

Nilifanya kazi na dada mmoja aliyekuwa akipokea simu katika kampuni ya malipo. Wateja walinunua umeme kwa menyu ya USSD, ile ya nyota na reli, ambayo skrini moja haibebi zaidi ya herufi 182 na ukichelewa kujibu inakatika. Namba ya mita iliombwa karibu na mwisho. Mteja anafika hapo, anatoka nje kwenda kuisoma mita ukutani, akirudi menyu imeshapotea. Wahandisi waliona kwenye ripoti kwamba muda umeisha, wakaulaumu mtandao. Dada huyu alikuwa na daftari aliloandikia maneno ya wateja kama walivyoyatamka, na sentensi moja ilijirudia ukurasa baada ya ukurasa: "Nikirudi imekatika." Akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: anarudi kutoka wapi?

Mapendekezo yake yalikuwa mawili. Skrini ya kwanza imwambie mteja awe na namba ya mita mkononi, na mita iliyokwisha kulipiwa ihifadhiwe ili safari nyingine aichague tu. Yalipofanyiwa kazi, malalamiko hayo yalipungua kiasi kwamba wenzake wa zamu waliona tofauti bila kuambiwa. Wakati huo hakuwa amewahi kufungua programu yoyote ya kuchorea. Alihamishiwa timu ya bidhaa, akajifunza, na sasa naye anafundisha wengine.

Hili halikuanza kwetu. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kuwasaidia wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, kulipa marejesho ya mikopo yao. Timu ya Nick Hughes na Susie Lonie kutoka Vodafone iliwafuatilia watumiaji kwa karibu, ikaona wanaitumia kwa mambo yao mengine: wanalipana wao kwa wao, wanaacha fedha humo usiku kwa usalama, wanaweka pesa mji mmoja na kuzitoa mji mwingine ili wasisafiri na noti mfukoni. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, marejesho ya mikopo hayakuwa tena kiini chake. Kiini kilikuwa kumtumia mtu pesa. Ule uangalizi ndio ujuzi ninaouzungumzia, na mtu anaweza kuwa nao bila cheti.

Ukishampata mtu wako, usimwache peke yake na kompyuta. Kama huna mkongwe wa kumwongoza, mlipe mmoja wa nje aje siku chache kwa mwezi akague kazi yake. Mpeleke kwa wateja kila toleo jipya linapoandaliwa. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti na programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo katika jaribio moja; rekebisha, kisha tafuta watano wengine. Kwa kampuni ndogo hiyo ni habari njema sana. Ila watano hao wasiwe wafanyakazi wenzako. Nenda Kariakoo au stendi ya Magufuli, watumie simu zao wenyewe, zenye vioo vilivyopasuka, juani, bando likiwa linaelekea kuisha. Warudishie gharama ya bando na uwashukuru kwa muda wao. Wakikwama usiwaelekeze, kaa kimya uandike.

Kumbakiza ni suala la mshahara, na hapo sina njia ya mkato. Lakini nimeona wengi wakiondoka kwa sababu waliitwa mwishoni, kazi ikiwa imekwisha, wakaambiwa "ipendezeshe kidogo." Mpe nafasi kwenye kikao cha kwanza kabisa, na haki ya kusema kwamba jambo hili bado halijaeleweka kwa mteja, tusianze kulijenga.

Na wewe kijana unayetaka kuingia: kazi za kuonyesha ninazoletewa nyingi ni aplikesheni maarufu zilizochorwa upya kwa rangi nzuri. Hazinielezi lolote kuhusu unavyofikiri. Chukua SACCOS ya mtaani kwenu au duka la dawa, kaa nao, andika hatua wanazopita kumhudumia mtu mmoja, onyesha wanapopoteza muda na ulichojaribu kubadilisha, hata kama ni fomu ya karatasi. Omba ruhusa kwanza, na majina ya wateja wao yasionekane popote kwenye picha zako.