Barua kwa mwanangu: ufunguo wa tatu

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana baada ya Isha, na leo asubuhi nikaurudia kabla sijawasha moto. Unasema umeitwa kufunga umeme kwenye majengo yanayokarabatiwa Mocímboa da Praia, huko Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Unataka nikuambie, mimi niliyekaa miaka yote hii upande huu wa Ruvuma, kama mji uliovamiwa vile unaweza kuwa mji tena, au unakwenda kuwasha taa kwenye magofu. "Matumaini yapo, mama?"

Najua ungemuuliza marehemu baba yako kwanza, kwa hiyo nianze na yeye. Agosti 7, 1998 alikuwa anapaka rangi nyumba Oysterbay, bomu lilipolipuka ubalozi wa Marekani. Walikufa watu 11 Dar, na Nairobi siku hiyohiyo 213. Unakumbuka alivyokuwa akisimulia. Ijumaa walikimbia wakaacha ndoo wazi, Jumatatu wakarudi, wakakuta rangi imefanya utando, wakautoa kwa kijiti, wakaendelea na ukuta. Kwake jibu lilikuwa hilo, kazi. Nami nilikubali miaka mingi. Siku hizi naona alishika nusu tu. Dar watu walikuwepo wa kurudi Jumatatu. Mocímboa ilishambuliwa mara ya kwanza Oktoba 5, 2017. Agosti 2020 mashababi, wale waasi wenye silaha, wakaichukua, wakaikalia karibu mwaka mzima, mpaka majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoingia Agosti 8, 2021. Walioingia walikuta majengo, wenyewe wametawanyika Pemba ya Msumbiji na kwingineko. Hapo nani atoe utando kwenye ndoo?

Mimi nasema mji ni watu kujuana majina. Nilikuambia ulipokwenda chuo, ukacheka, na sijabadilika. Ila kuna jambo sikuwahi kukuambia.

Unajua Kitaya, kijiji cha upande wetu, walivamiwa Oktoba 2020, wale mashababi walipovuka mto, wakaua na kuchoma nyumba. Unajua pia mjomba wako alifika hapa na shati alilovaa na nusu gunia la mpunga ulioungua upande mmoja. Hakutaka tuutupe. Tuliupepeta siku mbili, na wali wake ulinuka moshi mpaka kijiko cha mwisho. Miezi mitano baadaye, Machi 24, 2021, wakaingia Palma, mji mwingine wa Cabo Delgado. Siku chache baada ya hapo, wakati wa Magharibi, mvua ikinyesha, mwanamke alisimama nje ya geti letu na binti wa miaka sita au saba. Mkononi alikuwa na kifuniko cha sufuria. Sufuria yenyewe hakuwa nayo. Alikimbia na alichoshika, nadhani, akaogopa kukitupa.

Aliomba maji kwa Kimakonde cha ng'ambo. Nikampa kikombe juu ya geti. Alipomaliza akasema "obrigada", na lile neno la Kireno likanitia hofu, mwanangu, neno la asante! Nikamwambia aende kwa mjumbe wa nyumba kumi, nikamwonyesha njia kwa kidole, geti limefungwa. Mtoto alikiweka kile kifuniko kichwani kujikinga mvua wakaondoka.

Asubuhi nilikwenda kwa mjumbe kabla ya chai. Hakuwaona. Nikapita sokoni, nikapita stendi, nikauliza kila mtu, na kila mtu aliniuliza jina lake nani. Sikuwa nalo. Nilikuwa nimezungumza na mtu dakika kumi mlangoni kwangu na sikumuuliza jina.

Bibi yako, vita ya ukombozi wa Msumbiji ilipoanza 1964 na watu wakaanza kuvuka mto, aliwapa wageni chumba cha kuhifadhia mpunga, nasi watoto tukalala jikoni. Sijui angeniambia nini. Halafu najijibu kwamba wale walikuwa wanamkimbia Mreno, adui alijulikana kwa sura. Hawa wa sasa walivamia wakiwa na sura kama zetu, wakisema lugha zetu. Na mjomba wako alikuwa chumba cha pili, anapiga kelele usingizini. Sikuwa mwehu kufunga geti. Lakini jina ningeuliza. Jina halivunji geti.

Sasa la kikoba chetu. Unalijua lile sanduku, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hakuna anayelifungua peke yake. Mwenye ufunguo wa tatu alihamia Lindi kwa mwanawe, tukahitaji mwingine. Mwenzetu mmoja anayesuka ukili, aliyekimbia Palma akaolewa hapa mtaani, alikuwa amenunua hisa mwaka mzima bila kukosa wiki. Nikamtaja. Pakawa kimya, kisha mmoja akasema, "Mgeni ashike ufunguo?" Tulibishana hadi Alasiri. Mimi nilisema jina lake, jina la binti yake, nyumba anayokaa, nikauliza nani hapa hayajui. Hakuna aliyenyosha mkono.

Aliufunga kwenye pindo la kanga, fundo mbili. Alhamisi moja aliugua homa, tukadhani hatutafungua. Akamtuma binti yake na ufunguo ndani ya karatasi ya daftari, juu ameandika jina lake lote, la baba na la babu, kwa herufi kubwa. Ile karatasi ninayo, iko kwenye msahafu.

Kwa hiyo ukiniuliza matumaini, mimi ninayo ya ukubwa huo. Usinielewe vibaya, wanawake ishirini na sanduku hawazuii bunduki. Bila askari hakuna ambaye angerudi Mocímboa, na vita ya Cabo Delgado haijaisha, usidanganywe na anayekupa kazi. Ila watu wamerudi, maelfu. Dada wa huyu mwenzetu amerudi, anauza samaki, anasema jirani wa kulia ni yuleyule wa zamani na wa kushoto bado anamjifunza. Nilipenda alivyosema hivyo.

Swali lako la kwenda au kutokwenda nimelizunguka, najua. Moyo unasema kaa Dar, kuna nyaya za kufunga huko hadi uzeeke. Kisha namwona yule mtoto na kifuniko kichwani, nakosa la kusema. Umri wako unatosha. Ukiamua kwenda, usipite mpakani Kilambo bila kulala hapa siku mbili, na ukifika uliza majina kabla hujapanda ngazi.

Mwenzetu amemfungia dada yake doti mbili za kanga na kilo tatu za korosho. Mzigo uko chumbani kwako tangu Jumatatu. Sijamwambia kwamba utaupeleka wewe, na sijamwambia atafute mwingine.

Mama yako,
Mtwara