Maswali na majibu: Madaraja ya chuma ya reli ya zamani

Tangu ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma uanze, barua nyingi zinazonifikia zinahusu madaraja ya reli ya zamani, yaani reli ya kati ya Dar es Salaam hadi Kigoma, na hofu kwamba yataachwa. Nimechagua tano.

*Shikamoo babu. Niko kidato cha tatu, Tabora. Mwalimu ametuambia reli ya kati ni urithi wetu. Je, madaraja yake yanalindwa na sheria?*

Marahaba mjukuu wangu. Kwa historia, mwalimu hajakosea. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika hapo kwenu Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu. Sheria ni habari nyingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo daraja la 1913 limepitwa kwa nusu karne, hata kama limebeba mizigo ya vizazi vinne. Kinachoweza kuliokoa ni waziri mwenye dhamana kulitangaza rasmi, na waziri hatangazi kitu ambacho hakuna aliyemwomba. Mimi naona maombi yaanze sasa, wakati treni bado zinapita na mafundi bado wanalikagua. Daraja likishaachwa, miaka kumi ni mingi sana kwa chuma.

*Mzee wangu, habari za siku. Mimi ni mama wa Uvinza. Hivi daraja likikosa treni, si litadumu zaidi kwa sababu halibebi uzito? Na rangi peke yake haitoshi?*

Nzuri, mama. Swali lako ndilo kubwa kuliko yote. Uzito hauliui daraja lililojengwa vizuri. Linaloliua ni maji yanayotuama. Treni zikiisha, na gengi la njia, yaani vibarua wanaotunza reli, nalo linaondoka, hakuna tena wa kufagia majani na udongo kwenye pembe za mihimili. Udongo ule unashika unyevu wa masika hadi kiangazi. Kutu ina tabia moja mbaya: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula. Ikiingia kati ya mabamba mawili inayasukuma yaachane, mpaka ribiti, zile pini nene za chuma zinazoyashikanisha, zinakatika vichwa.

Katika miaka yangu ya kazi ya madaraja, tulikagua ribiti kwa nyundo ndogo na kidole. Unaweka kidole upande mmoja wa kichwa cha ribiti, unagonga upande wa pili. Ribiti nzima inalia kwa sauti kavu na kidole hakisikii kitu. Iliyolegea inatoa sauti ya chungu chenye ufa, na kidole kinasikia mtetemo. Rangi iliyopakwa juu ya ribiti ya namna hiyo inaficha ugonjwa tu.

Halafu kuna miguu. Daraja la chuma la mita 30 hurefuka kama sentimita moja kutoka baridi ya alfajiri hadi jua kali la mchana, ndiyo maana upande mmoja hukalia viatu vinavyoteleza, yaani vikalio vya chuma chini ya ncha za mhimili. Viatu vikikamatwa na kutu na mchanga, mhimili unaanza kusukuma ukuta wa mawe ulioshika mwisho wa daraja.

Wamarekani walijifunza habari ya miguu kwa uchungu. Huko Pennsylvania lilikuwapo daraja la reli la Kinzua, lenye urefu wa mita 625 na kimo cha mita 92. Lilijengwa 1882, likajengwa upya kwa feleji, yaani chuma kigumu zaidi, mwaka 1900, ila boliti za zamani zilizoshika nguzo chini ziliachwa palepale. Treni za mizigo zilikoma 1959. Mfanyabiashara wa vyuma chakavu aliyelinunua alishindwa kulikata kwa jinsi lilivyompendeza, na serikali ya jimbo ikaja kulifanya hifadhi. Tarehe 21 Julai 2003, mafundi wakiwa wameshaanza kulikarabati, kimbunga kikaangusha nguzo 11 kati ya 20. Wachunguzi walikuta zile boliti zimeliwa na kutu. Juu lilipendeza, chini lilikuwa limekwisha. Kipande kilichobaki ni njia ya watembea kwa miguu tangu 2011.

*Kaka, niko Kaliua. Vijana wanafungua boliti na kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nifanye nini?*

Mwambie mwenyekiti wa kijiji na stesheni leo hii. Kwenye njia inayotumika, boliti moja ni roho za watu.

*Mzee, hapa Kigoma tunaitunza MV Liemba kwa sababu ni meli ya historia. Daraja bovu lina faida gani?*

Liemba yenyewe ndiyo jibu langu, ndugu. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikaja vipandevipande ndani ya masanduku kwa njia ya reli hii hii. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza walizipaka injini grisi nzito. Iliopolewa kutoka chini ya ziwa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Walioizamisha waliitunza kwanza! Daraja nalo likitunzwa linaweza kuwa njia ya miguu na baiskeli kwa vijiji vya pande mbili za mto, na mwanafunzi akagusa ribiti badala ya kuzisoma.

*Shikamoo. Nguruka. Nitajuaje daraja ni la Mjerumani kweli?*

Marahaba. Usiamini maneno ya kijiweni, kwa sababu 1916 Wajerumani walilipua madaraja mengi wakirudi nyuma, na mengine yamebadilishwa baadaye. Muombe mkaguzi wa njia akuongoze, usipande peke yako. Tafuta kibao cha kiwanda mwishoni mwa mhimili. Kama hakipo, angalia ubavu wa chuma: viwanda vingi vilipiga jina lao kwa herufi zilizoinuka. Weka karatasi juu, sugua kwa mkaa, jina litatokea. Nitumie karatasi hiyo.