Muulize Fundi: Vidole kwanza, spana baadaye

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya mwaka 2005, injini ya 1NZ, imeshatembea kilomita 148,000. Kwenye foleni inatetemeka, na nikipandisha kutoka Ipogolo kwenda mjini inakosa nguvu kabisa na taa ya cheki injini inawakawaka. Fundi wa mtaani anataka tubadili plagi na koili zote nne. Plagi naweza kubadili mwenyewe nyumbani? Nina spana alizoniachia marehemu baba.
Muuguzi, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu. Unaweza, na kwa mtu mwenye subira ni kazi ya saa moja. Koili, zile zinazozipa plagi umeme wa kutoa cheche, usinunue kwanza. Na mpaka utengeneze, usilipandishe tena mlima huo: taa ikiwakawaka, injini inamisi, yaani silinda inakosa kuwaka, kiasi cha kuunguza katalisti ya ekzosi, ile inayosafisha moshi, na bei ya hiyo unaweza kununulia plagi za miaka mingi.

Gari lilale usiku kucha, ufanye kazi asubuhi injini ikiwa ya baridi. Hapa sitanii. Silinda hedi, kichwa cha injini ambamo plagi hufungwa, ni ya alumini, plagi ni ya chuma. Mwaka 1991, nikiwa bado najifunza, ililetwa Corolla imetoka safari, mwenyewe ana haraka. Nikafungua plagi injini ikiwa ya moto. Ilitoka nzito, na nilipoitazama niliona uzi wa alumini umejiviringa juu yake kama ganda la chungwa. Hedi ikashushwa ikapelekwa kwa wachonga vyuma, na yule mzee alikaa siku tisa bila gari. Mpaka leo nikigusa plagi naiona ile.

Toa waya wa betri wa negativu, kisha kava la plastiki la juu. Utaona koili nne zimejipanga, kila moja na bolti yake ya spana namba 10. Soketi za waya ni plastiki ya miaka ishirini, bonyeza kidole taratibu ndipo uvute. Kabla ya kufungua plagi, puliza mashimo yale kwa pampu ya baiskeli au kwa mrija. Mchanga uliolala pale chini ukidondokea kwenye silinda, utasaga ringi, zile pete za pistoni. Ukikuta oili imejaa shimoni, raba za kava la valvu, lile lililo chini ya koili, zimechoka, nazo zibadilishwe.

Plagi inafunguliwa na boksi refu la 16 lenye raba ndani, na ekstensheni. Zipange mezani kwa utaratibu ulivyozitoa, ya kwanza ikiwa ile ya upande wa mikanda. Usizitupe! Wewe ni muuguzi, unajua kumtazama mgonjwa ulimi. Plagi ndiyo ulimi wa injini. Ncha ikiwa ya kijivu au kahawia hafifu, silinda hiyo ni nzima. Masizi meusi makavu ni petroli inayozidi hewa, anza na filta ya hewa. Weusi wa kung'aa, wenye unyevu wa mafuta, ni oili inayopita kwenye ringi au sili za valvu, na hapo plagi mpya itachafuka tena. Nyeupe yenye vilengelenge imeungua kwa joto. Tatu zikifanana na moja ikatofautiana, ugonjwa wako uko kwenye silinda hiyo.

Dukani nenda na ya zamani mkononi, uitishe namba ile ile. Namba zina maana: kwenye K16R-U11 ya Denso, 16 ni daraja la joto, yaani jinsi plagi inavyopoza ncha yake, na 11 ya mwisho ni mwanya wa kurukia cheche, milimita 1.1. Ukipewa ya iridiamu, yaani yenye ncha ya madini hayo magumu, usiichokonoe ncha wala kuisugua, ni nyembamba mno. Ila inaweza kufika kilomita 100,000. Iliyoanguka sakafuni usiifunge, kauri yake huenda imepasuka ndani.

Sasa kufunga, na hapa nakuomba uwe mpole. Kata kipande cha mpira wa petroli, urefu wa shibiri, chomeka kwenye kichwa cha plagi, uishushe shimoni na kuzungusha mpira kwa vidole viwili. Uzi ukiingia vibaya mpira utateleza mkononi badala ya kulazimisha. Rudi nyuma, uanze upya. Spana haina huruma hiyo. Plagi ikishakaa chini yenyewe, ndipo uweke spana, uongeze nusu mzunguko kwa plagi mpya yenye washa (ile pete yake ya chuma), basi. Usipake grisi kwenye uzi, inakudanganya ukaze kupita kiasi.

Tukirudi kwenye koili. Kama baada ya plagi mpya bado inamisi, mwenye mashine ya kupima akusomee namba ya hitilafu. P0302, kwa mfano, ni silinda ya pili. Hamisha koili ya pili uiweke ya tatu, uendeshe kidogo, upime tena. Ikigeuka P0303, koili hiyo ndiyo mbovu, na utanunua moja badala ya nne.

SWALI: Fundi, pikipiki yangu plagi inaingia masizi kila wiki, nasugua na msasa inakuwa sawa. Kuna ubaya?
Bodaboda, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, unamfuta machozi mtoto bila kuuliza kinachomliza. Fungua filta ya hewa, ioshe au uibadili. Kisha mpelekee fundi kabureta apunguze petroli. Msasa nao unaacha mikwaruzo na chembe kwenye kauri, masizi yanashika upesi zaidi kuliko mwanzo. Funga plagi mpya siku hiyo hiyo kabureta inaporekebishwa, uitazame baada ya wiki mbili.