Mkizi wa vuli: kwa anayeanza kazi kwenye mashua ya wageni Florida

Pwani ya mashariki ya Florida, mwezi wa Septemba na Oktoba, anayewapeleka wageni kuvua humfuata mkizi, ambaye kule humwita mullet. Siku zikifupika na baridi ya kwanza ikishuka kutoka kaskazini, mkizi hutoka kwenye hori na mikoko, wakashika njia ya kusini karibu kabisa na ufuo. Nyuma yao huja samaki wanaowawinda: snuki, tarponi, kolekole na papa. Vuli ya huko ni majira kati ya kiangazi na baridi, si mvua za vuli za kwetu, na msimu wa vimbunga hauishi mpaka 30 Novemba.

Jifunze kwanza kumsoma mkizi. Akiruka mmoja mmoja, endelea na kazi yako, kwani mkizi huruka hata pasipo adui. Kundi zima likipasuka kwa pamoja kuelekea upande mmoja, kama maji yaliyomwagwa kwa ndoo, chini yake kuna mwenye njaa. Hiyo ndiyo hasira ya mkizi iliyo tijara ya mvuvi. Chambo chako kitupe pembeni au nyuma ya kundi, maana katikati kitapotea kati ya wenzake mia.

Kwa mkizi wa ukubwa wa kidole tumia kimia cha futi 8 chenye jicho la sentimita moja. Jicho likiwa kubwa, hunasa kichwa, matamvua yanaumia, na nusu yao watakufa kabla hamjafika. Kwa mkizi wakubwa kimia hichohicho hakifai: kinazama polepole nao wanatoroka kwa chini. Tangi la chambo liwe la mviringo, maana penye pembe hurundikana na kujichubua pua. Lita 100 zinatosha kama dazeni mbili. Povu likitanda na mkizi wakipanda juu kuhema, umewajaza mno, punguza. Mkipita kwenye maji meusi yaliyotoka mitoni baada ya mvua, funga maji ya nje, uzungushe yaleyale ya tangini mpaka mfike maji safi. Na usiwashike kwa mikono yenye mafuta ya kukinga jua.

Mkizi wa sentimita 12 hadi 15 hutaka ndoana ya duara, yaani yenye ncha iliyokunjwa kuelekea ndani, namba 5/0. Penye mkondo, mchome mdomo wa juu ili auelekee mkondo na kupumua. Pametulia, mchome karibu na pezi la chini, nyuma. Ataogelea kwenda mbali na mashua. Mshipi wa kusuka wenye nguvu ya ratili 30 uutangulizie mita moja ya fluorokaboni (mshipi mgumu usioonekana sana majini) ya ratili 40 au 50, na 80 kwa tarponi. Snuki hana meno ya kukata, lakini ukingo wa kifuniko cha matamvua yake ni wembe. Kila baada ya samaki, pitisha kidole kwenye shubiri ya mwisho kabla ya ndoana. Ukihisi mkwaruzo, kata ufunge upya, hata kama mgeni ananung'unika kwamba samaki wanaondoka.

Maelekezo ya ndoana ya duara yatolewe kabla mgeni hajatupa mshipi. Samaki akishauma, hakusikii. Mwambie asishtue rodi. Ailaze ielekee maji, samaki akiondoka azungushe rili tu mpaka rodi ipinde. Ndoana itajigeuza yenyewe na kushika pembe ya mdomo. Anayeshtua humpokonya samaki chambo.

Kwenye mlango wa kutokea baharini kama Sebastian Inlet, maji yakitoka huku upepo wa mashariki unavuma, mawimbi husimama wima. Nahodha akikataa kupita, usimnong'oneze mgeni "labda baadaye".

Kanuni hubadilika, zisome kila msimu. Upande wa Atlantiki snuki hufunguliwa 1 Septemba hadi 14 Disemba, mmoja kwa mtu, wa inchi 28 hadi 32, akipimwa mdomo umefungwa na mkia umebanwa. Redifishi, samaki mwingine anayetafutwa na wageni, katika Indian River Lagoon, wangwa mrefu wa pwani hiyo, alifanywa wa kuachiwa tu mwaka 2022. Tarponi aliyezidi inchi 40 asitolewe majini hata kwa picha: mshike taya la chini ubavuni mwa mashua, akielekea mkondo, mpaka apige mkia. Ukiona papa anazunguka, usimshike muda huo wote. Mwachie mara moja, au sogezeni mashua kwanza.