Orodha kunjuzi: jina la kuonwa na thamani ya kuhifadhiwa

Karibu kila programu ya mauzo ninayoandikia maduka ya jumla ya Kariakoo ina orodha kunjuzi, yaani ile inayofunguka ukiibonyeza ili uchague kipengele kimoja, ya njia za malipo: taslimu, M-Pesa, Airtel Money na nyinginezo. Ushauri wangu kwa anayeanza kuandika programu za kompyuta za mezani ni kwamba maandishi anayoyaona muuzaji yasiingizwe katika rekodi ya muamala. Kinachopaswa kuhifadhiwa humo ni thamani isiyobadilika, yaani namba ya utambulisho ya njia hiyo katika kanzidata.

Mwaka 2024 kampuni ya Tigo ilibadili jina ikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Programu iliyohifadhi maneno “Tigo Pesa” katika kila muamala huigawa huduma ileile mafungu mawili kwenye ripoti, ilhali iliyohifadhi namba inahitaji jina lirekebishwe mahali pamoja tu. Wapo pia wanaohifadhi nafasi ya kipengele katika orodha, wakidhani kwamba nayo ni namba kama nyingine. Siku orodha itakapopangwa upya kwa alfabeti, rekodi zote za zamani zitaelekeza kusikohusika.

Zana nyingi za kuundia madirisha ya programu zimekwisha kulifikiria jambo hili. Katika Qt, amri ya addItem hupokea maandishi pamoja na data yake, na tangu toleo la 5.2 currentData hurudisha data hiyo moja kwa moja. Windows Forms ina DisplayMember kwa jina la kuonwa na ValueMember kwa thamani, na Swing ya Java hupokea kitu kizima na kuonyesha matokeo ya toString, yaani maandishi yanayokitaja kitu hicho.

Tkinter, zana ya lugha ya Python, ndiyo yenye kazi, kwa kuwa Combobox yake, yaani orodha kunjuzi, hushughulika na maandishi peke yake. Wengi huunda kamusi ya Python ambayo ufunguo wake ni jina na thamani yake ni namba, na hilo halina tatizo mpaka orodha iwe ya wateja na watokee wawili wenye jina moja, kwa kuwa ufunguo mmoja hubeba thamani moja tu. Akina Mohamed Juma wawili katika daftari moja la wadeni si ajabu mjini hapa. Kamusi itambakiza wa mwisho tu, na deni la mmoja litaandikwa kwa mwenzake. Mimi huweka namba katika orodha ya pembeni, kwa mpangilio uleule wa majina, na wakati wa kuhifadhi natumia amri ya current kujua nafasi iliyochaguliwa, kisha nachukua namba iliyo katika nafasi hiyo. Majina nayo nayatofautisha kwa mtaa, Mohamed Juma wa Tandika na Mohamed Juma wa Buguruni, kwa sababu muuzaji naye anahitaji kujua anamchagua nani.

Hapo pana mtego ambao sijaona ukitajwa vya kutosha. Ikiwa hakuna kilichochaguliwa, current hurudisha -1, na katika Python nafasi ya -1 ni kipengele cha mwisho cha orodha. Muuzaji akisahau kuchagua, mauzo yataandikwa kwa mteja wa mwisho bila ujumbe wowote wa hitilafu. Kuweka hali ya readonly (kuchagua tu, bila kuandika) huzuia kuandika jina lisilokuwemo, lakini hakumlazimishi mtu kuchagua, kwa hiyo -1 ikaguliwe kabla ya kuhifadhi. Qt hukosea upande wa pili: kipengele cha kwanza kikiingizwa katika orodha tupu, kwa kawaida huchaguliwa chenyewe. Baada ya kuijaza, irudishe kwenye -1 kwa setCurrentIndex.

Rekodi ya zamani inapofunguliwa, safari ni ya kinyume: thamani ndiyo itafute kipengele chake, na katika Qt kazi hiyo ni ya findData. Ikiwa njia ya malipo ilikwisha kuondolewa, jibu litakuwa -1, na programu isiyolikagua itaiacha orodha wazi, kisha atakayebonyeza Hifadhi baada ya kusahihisha kiasi ataifuta njia ya malipo ya awali. Kwa rekodi kama hiyo, mimi huongeza kipengele cha zamani kwa muda, nikikiandika “imesitishwa” mbele ya jina lake.